Kizingiti cha Bi Siwatu

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Ipo, ila pale ilipochorwa mkubwa mmoja aliweka kikombe chake cha chai miaka mingi iliyopita, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mimi ni raia wake mtiifu. Naitwa Mwinjuma, Mjumbe wa Mtaa wa Mtitirikoni, na nasema haya yote kwa sababu watu wamezusha kwamba nina roho ya kwa nini. Sina. Nina macho tu, na macho hayana pazia.

Nianze na Ofisi, maana bila Ofisi hamtaelewa kitu.

Ofisi ya Serikali ya bonde letu iko chini kabisa, mahali ambapo zamani mto ulipita na ambapo mto, kwa ukaidi wake, bado unapita. Wageni hushangaa, lakini hakuna la kushangaza. Siku Mkuu wa Nchi alipokuja kuweka jiwe la msingi, alikuwa apelekwe mlimani. Msafara ulipofika bondeni gari lake likakwama kwenye mchanga, na Mkuu alikuwa na njaa. Akashuka, akauliza jiwe liko wapi, akaliweka pale pale miguuni pake, akala, akaondoka. Jiwe lililowekwa na Mkuu halihamishwi, kwa hiyo Ofisi ikajengwa juu ya jiwe.

Baadaye ikagundulika kwamba nyumba za raia, zilizoko mitelemkoni, zinaitazama Ofisi utosini. Hiyo si adabu. Ikapitishwa Sheria ya Kizingiti: hakuna raia atakayeweka kizingiti cha mlango wake juu kuliko kizingiti cha Ofisi. Tangu siku hiyo, kwetu kujenga ni kuchimba. Unachimba kiwanja mpaka usawa wa Ofisi, ukifika unaongeza kidogo kwa heshima, kisha humo shimoni unasimamisha nyumba yako. Kuingia ndani unashuka vidato. Mwenye vidato vitatu ni mtu wa kawaida. Mwenye sita ni mtu wa maana. Mimi nilikuwa na tisa, na watu walikuwa wakitoka mitaa mingine kuja kuvihesabu.

Mafuriko hatuna. Neno lenyewe lilifutwa na Idara ya Ukavu, ambako nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja nikigonga muhuri wa PAKAVU kwenye vyeti vya viwanja. Vipimo vyote huchukuliwa kiangazi, kwa sababu Idara ina jozi moja tu ya mabuti ya mpira, na mabuti hayo ni ya Kamishna. Kinachotokea masika ni ugeni. Serikali ilitufundisha tuyaite Maji Mgeni, na mgeni, kila aliyelelewa vizuri anajua, hafukuzwi. Yakiingia unapandisha magodoro juu ya meza, unapandisha meza juu ya kabati, unakaa nayo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi siku ya tatu tunatoka na majembe kweli, tunazibua mtaro, mgeni anaaga. Mke wangu Tunu, mama Nasoro, amempokea mgeni huyo mara kumi na nne tangu tuoane. Mara ya mwisho mgeni aliondoka na cherehani ya mke wangu.

*

Kiwanja cha jirani kilikaa kitupu muda mrefu mpaka akaja Bi Siwatu.

Bi Siwatu ni mjane, mkunga mstaafu, mfupi, msemaji wa pole pole, na nusu ya makarani wa Ofisi walipita mikononi mwake wakiwa na damu na mikunjo. Hata Kamishna wa Ukavu, alipozaliwa, aliyempokea ni yeye. Hilo nililijua kwa kuchelewa, na laiti ningelijua mapema ningejiokolea karatasi nyingi.

Alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mnunuzi wa kiwanja katika nchi yetu: alikuja kukitazama wakati wa masika. Alikuja na mwavuli, na kigoda kirefu, na fimbo. Akakaa juu ya kigoda katikati ya maji siku nne mfululizo. Kila asubuhi alifunga uzi kwenye fimbo pale maji yalipofika, na kutwa alikuwa akidondosha maganda ya machungwa na kuyafuata kwa macho yanaelekea wapi. Nilimwendea, kama Mjumbe. Nikamwamkia, maana kanizidi miaka miwili, nikamuuliza anatafuta nini.

"Namtazama mgeni wenu, baba," akasema. "Nataka nijue anapita wapi, nisije nikajenga njiani kwake."

Nilirudi nyumbani nikacheka sana. Nilimwambia Tunu kwamba tumepata jirani mwenye kichwa kibovu. Tunu hakucheka. Aliuliza maganda yalielekea wapi.

Maji yalipoondoka Bi Siwatu alichora nyumba yake kwa mkaa kwenye ubavu wa boksi la sabuni. Fundi wake alikuwa Mbaruku, ambaye ndiye aliyenijengea mimi, na Mbaruku ukimpa kahawa hana siri. Aliniletea lile boksi chini ya kwapa, kabla hata halijafika Ofisini. Nikalitazama hivi, nikaligeuza, nikalitazama vile.

Chini kabisa, kidato kimoja chini ya usawa wa Ofisi, palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na kizingiti cha halali. Ukivuka kizingiti unaingia chumba kitupu. Hakina kiti, hakina kitanda, hakina kabati. Kuta zake zilikuwa za matofali ya matundu, upande wa mto na upande wa pili, ili kinachoingia huku kitokee kule. Katikati ya chumba kulikuwa na nguzo nene kumi na mbili na ngazi ya vidato ishirini na viwili, vyote vya kupanda. Na juu ya nguzo, juu ya barabara, juu ya bati la kila mtu, ndiko nyumba ilikokaa: vyumba vitatu, jiko, na baraza pande zote.

"Huko juu mlango uko wapi?" nikamuuliza Mbaruku.

"Hakuna mlango, Mjumbe. Kuna pazia."

Nilipekua Sheria ya Kizingiti yote, kurasa sitini na nane na viambatisho. Pazia halina kizingiti. Sheria ilikaa kimya kuhusu pazia. Nilipekua tena, nikaweka miwani mingine. Yule mwanamke alikuwa ametii kila neno la sheria na akapanda juu nalo. Nikagonga muhuri wangu wa Mjumbe, maana sikuwa na la kufanya, na ukitaka kujua ukweli roho iliniuma kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

*

Nyumba ilimalizika kabla ya Idi. Mimi nilitegemea iwe mbaya. Mtu hujipa moyo, nguzo zile zitaifanya ionekane kama kuku aliyekunjua miguu. Haikuwa mbaya. Ilikuwa nyumba iliyopumzika. Asubuhi jua liliipata ya kwanza, wakati sisi wenye vidato tisa tulikuwa bado tunapapasa viatu gizani.

Hapo ndipo ikaanza shida ya shikamoo. Kila asubuhi nilipopanda vidato vyangu kwenda barazani kwa watu, Bi Siwatu alikuwa ameshakaa juu na kikombe chake. Kanizidi umri, kwa hiyo lazima niamkie. Shikamoo yangu ikapanda. Marahaba yake ikashuka. Miaka yote shikamoo nilikuwa nikiitoa usawa wa macho, sasa nikawa naitoa shingo imekunjwa nyuma, na marahaba ikawa inaniangukia usoni. Nilijaribu kutoka mapema zaidi. Yeye, kwa mazoea ya ukunga, hakuwa akilala sana. Nilijaribu kupita nyuma ya nyumba. Baraza lilikuwa pande zote.

Halafu waliokuwa wakija kuhesabu vidato vyangu wakaanza kuhesabu vyake.

Na Tunu naye akaanza kwenda. Kwanza alienda kuazima chumvi. Kisha akaenda kurudisha chumvi, na mimi katika maisha yangu sijaona mtu akirudisha chumvi. Akirudi alikuwa na habari moja tu, upepo. Huko juu kuna upepo. Nguo zinakauka kwa saa moja, kwa ule upepo. Watoto wetu walisinzia kwa upepo. Jioni moja nilihesabu, alitaja upepo mara kumi na tisa kabla ya kuwasha taa. Niliona wivu. Basi, nimesema, nimalizane nalo. Niliona wivu mpaka mate yakawa machungu, na nilichokionea wivu si nguzo wala baraza. Ni uso wa mke wangu aliporudi kutoka kule.

Nikakaa nikaandika barua kwa Kamishna wa Ukavu. Sikuandika kwa chuki. Niliandika kama raia. Nilieleza kwamba mtaani kwangu kuna jengo linalomwogopa Maji Mgeni hadharani, kwamba miguu yake inatia watu wasiwasi, kwamba ikiachwa isimame wananchi wataanza kujiuliza maswali ambayo hayana fomu.

*

Kamishna akaja, Dokta Bushiri Pazi mwenyewe, na mabuti yake ya mpira ingawa ilikuwa kiangazi, na mtu wa kumshikia mwavuli, na mtu wa kumshikia yule mtu kitambaa. Wananchi walikusanywa. Akatoa hotuba ya saa mbili akiwa amesimama mbele ya nguzo za Bi Siwatu bila kuzitazama hata mara moja.

Alisema taifa letu ni kavu kwa asili, kavu kwa dhamira na kavu kwa mpango wa miaka mitano. Alisema kuna mataifa yaliyojenga juu, na yako wapi leo? Yako juu, yamepigwa na jua. Alisema nchi haina juu wala chini, nchi ina mbele. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote, mikono ikawasha.

Alipomaliza akaniita tukague. Tukapima kizingiti, kikawa chini ya cha Ofisi kwa kidato kimoja kamili. Tukakagua chumba kitupu. Nikamwonyesha ngazi, nikasema, mheshimiwa, huu si ushahidi wa kuogopa maji? Kamishna akatazama ngazi, akatazama juu, na hapo sauti ikashuka kutoka kwenye pazia.

"Bushiri. Umekuwa mtu mzima. Mama hajambo ile miguu?"

Mbele yangu, Kamishna wa Ukavu akavua kofia. Akapanda vidato vyote ishirini na viwili, mabuti yakilia kwak kwak, akakaa huko saa nzima. Tuliokuwa chini tulisikia vikombe na vicheko. Aliposhuka alikuwa amefungua kifungo cha shati cha juu, na akanidokeza, kama mtu anayetoa siri ya Serikali, kwamba huko kuna upepo.

Uamuzi ukasomwa papo hapo. Nguzo zilitambuliwa kuwa mapambo. Ngazi ilitambuliwa kuwa mazoezi ya viungo. Bi Siwatu akatia saini kwamba haogopi maji, kwa hati nzuri, bila dalili ya hasira, akanishukuru mimi Mjumbe kwa kumletea mwanawe. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu.

*

Tunu aliniachia siku mbili. Siku ya tatu aliniwekea uji mbele, akakaa.

Alisema amezungumza na Fundi Mbaruku. Bati letu likiezuliwa, na nguzo zikisimamishwa kupita katikati ya vyumba, sakafu mpya inaweza kukaa juu kabla masika hayajaingia. Matofali yapo, kokoto zipo. Kizingiti kinabaki pale pale kilipo, cha halali, na juu tunaweka pazia. Kitambaa cha pazia ameshakipata.

Nikamwambia, yaani nimuige.

"Sikwambii umuige," akasema. "Nakwambia watoto walale pakavu."

Nikamwambia hapa ni pakavu, tuna cheti, na cheti nilikigonga kwa mkono wangu. Kisha akasema neno ambalo nililisikia vizuri lakini nikajifanya nimesikia nusu. Alisema, "Baba Nasoro, kumi na nne zimenitosha. Mwaka huu mgeni akiingia kwa mlango, mimi natoka."

Mtu mwingine angeelewa hapo. Mimi nililala nikifikiria jambo moja tu, watu watasema nini. Watasema Mjumbe kamfuata Siwatu. Nyumba yangu ikipanda itaitwa nyumba ya pili. Watoto wa mtaa watakuwa wakielekeza wageni: ile pale ya Bi Siwatu, na ile nyingine. Asubuhi nilimwita Mbaruku, na Tunu akaniona nimemwita, na kwa muda wa kama dakika tano mke wangu alinitazama kwa ule uso wa kutoka kule juu.

Nikamwambia Mbaruku achimbe. Vidato vitatu zaidi. Viwe kumi na viwili.

Tunu alikikunja kile kitambaa cha pazia, akakiweka. Kazi ilichukua wiki tatu, ikatoka safi. Nilitia marumaru mpaka kwenye kidato cha mwisho na nguzo mbili za simenti kila upande wa mlango ambazo hazikubeba chochote. Bati langu sasa lilikuwa usawa wa magoti ya mtu aliyesimama barabarani. Hakuna mtu katika bonde lile aliyewahi kuwa chini kama mimi. Nilimwalika Kamishna aje azindue, akajibu kwa barua kwamba ana udhuru. Baadaye nikaona gari lake limeegeshwa kwa jirani.

*

Masika yaliingia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mchana kweupe. Maji hayakubisha hodi. Nilikuwa sebuleni napangusa marumaru, nikasikia ngazi yangu inanong'ona. Nilipofungua mlango kutazama, kidato cha kumi na mbili hakikuwepo, wala cha kumi na moja.

Tunu alikuwa ameshafunga vitu tangu juzi. Aliwashika watoto, akapanda, mimi nikimwambia angoje kwanza tupandishe magodoro. Godoro alikuwa nalo kichwani. Aliingia kwa Bi Siwatu kwa ule mlango wa halali akiwa amelowa mpaka kiunoni, maji yakiingia kwa matundu ya upande huu na kutoka kwa matundu ya upande ule bila kugombana na mtu, akapanda vidato ishirini na viwili. Nyuma yake ukapanda mtaa mzima. Wenye vidato vitatu, wenye sita, wenye vinne na nusu. Waliokwama juu ya mabati yao Mbaruku na vijana wa mtaa waliwavuta kwa kamba wakielea juu ya milango iliyong'olewa. Walikaa barazani pande zote, watu arobaini na mmoja. Naijua idadi kwa sababu nilikuwa na muda wa kuwahesabu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mgongo wa paa langu, maji kiunoni, na cheti changu cha ukavu kofiani.

Waliniita wote. Niliwaambia niko kazini.

Saa nane hivi likaja boti la Idara. Boti kwetu limepigwa marufuku, maana nchi kavu haina matumizi nalo, kwa hiyo lile limesajiliwa kama gari lisilo na magurudumu. Ndani alikuwemo Kamishna, mabuti yake yakiwa yamejaa, na karani mwenye mashine ya kuchapa kwenye mapaja. Kamishna hakuwa na hotuba. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akiwa na uso mdogo vile.

Alinieleza kwamba maji yameingia Ofisini. Yamepita juu ya jiwe lenyewe. Baraza la Mawaziri limekaa tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza limegawanyika, nusu inasema tukubali kwamba ni mafuriko na nusu inasema tusikubali. Wameamua kuwauliza Wajumbe wa Mitaa, na mitaa imelingana. Umebaki Mtitirikoni.

Karani akanyoosha fomu. Ilikuwa na swali moja: Je, hapo ulipo pana mafuriko?

Nikiandika ndiyo, Sheria ya Kizingiti inafutwa leo. Maboti mengine tisa, yaliyofichwa ghalani kama magari mabovu, yanatolewa yakaokoe watu bonde zima. Unga na mablanketi vinaletwa. Kila familia inapewa nguzo ijenge juu.

"Na nyumba ya mfano," Kamishna akasema, "itakuwa hii hapa. Tumeshakubaliana. Kila atakayejenga atajenga hivi. Itaitwa Nyumba ya Siwatu. Itafundishwa mashuleni."

Nikiandika hapana, ni ugeni tu.

Nikashika kalamu. Tunu alikuja mpaka ukingoni mwa baraza, na nyuma yake, chumbani, nikaona pazia jipya limetundikwa. Nilikijua kitambaa.

"Mwinjuma," akasema. Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniita kwa jina. "Andika ndiyo, upande huku, tule."

Bi Siwatu alikuwa amepiga magoti pale pembeni akimfunga kamba Mbaruku ili anifuate. Hakuwa hata ananitazama mimi. Alikuwa anatazama fundo, kama fundo ndilo jambo kubwa kuliko yote siku ile. Ningemwona anajisikia, ningemwona anatabasamu kidogo tu kwa ushindi, nafikiri ningeandika ndiyo. Nimelifikiria sana hilo. Kilichonishinda ni kwamba hakuwa na habari.

Nikaona mashule yote ya nchi, watoto wamesimama mistari, wanaimba Nyumba ya Siwatu. Nikaona shikamoo za nchi nzima zinapanda.

Nikaandika: Hapana. Hapa ni pakavu. Nikatia saini, na herufi zikachuruzika kidogo kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa.

Kamishna aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nilifanya kazi Idarani miaka thelathini na mmoja na ukavu naujua nikiuona. Akashusha pumzi. Akanishukuru kwa niaba ya taifa. Nilipoinuka nipande botini, karani akanizuia kwa upole, akanionyesha kifungu: gari la Idara lisilo na magurudumu hubeba waathirika wa mafuriko peke yao. Boti likageuka, likaenda zake, na wimbi lake likanipanda mpaka kifuani.

Nilipotazama barazani watu walikuwa wamenipa mgongo, mmoja mmoja, na kuingia ndani. Tunu alikuwa wa mwisho. Hakukasirika. Angekasirika ningepata la kumjibu. Bi Siwatu ndiye aliyebaki, yeye na fundo lake, mpaka Mbaruku aliponifikia na kuniambia nishike kamba. Nilimwambia arudi. Alirudi kweli. Nililala pale juu siku mbili, na siku ya tatu hakuna aliyetoka na jembe.

*

Hayo yalitokea miezi miwili iliyopita. Maji yameaga yenyewe. Bondeni walikozidiwa hawakuletewa unga, maana pakavu hapapelekwi unga, na wengi wamehamia kwa ndugu zao mbali. Mtaa wetu umepata Nishani ya Ukavu, daraja la kwanza, na mimi ndiye niliyeipokea. Ofisi inajengwa upya pale pale kwenye jiwe, chini kidogo zaidi, kwa hiyo raia wote tumeamriwa kuongeza vidato viwili. Nitakuwa na kumi na vinne. Mbaruku nimemwita mara nne, anasema ana kazi. Kazi yenyewe ni vyumba vinavyoongezwa kule juu kwa Bi Siwatu, kila kimoja na pazia lake.

Nyumba yangu imesimama, isipokuwa zile nguzo mbili za mlangoni. Marumaru bado yanang'aa ukiyapangusa. Nakaa hapa chini peke yangu na mstari wa tope uko juu ya kichwa changu, umefika darini. Tunu hajashuka. Sikumfuata, maana kumfuata ni kupanda.

Kila mchana Bi Siwatu ananishushia chakula kwa kapu lenye kamba. Anatikisa kamba tu nijue kimefika. Siku zote ulikuwa wali wa mkono wake, mzuri, sisemi mbaya. Jana nilifunua kawa nikaujua mkono mwingine kabla sijaonja. Ulikuwa wa Tunu. Alikuwa ameupika vizuri kuliko alivyowahi kunipikia mimi miaka yote hii, nazi imekolea, chumvi imekaa sawa, na huko juu nilimsikia anacheka na watu. Niliula wote nimesimama, kwa sababu viti bado vimelowa.